Mgonjwa Anatambuliwa, Mfanyakazi Hatambuliwi: Kazi na Afya ya Wahamiaji Wasio na Vyeti nchini Ufaransa na Ubelgiji

1. Utangulizi

Familia nyingi za Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Kinshasa zina ndugu aliyekwenda Ulaya. Habari zinazorudi kutoka kwake huwa za namna mbili: fedha alizotuma, au ukimya. Katikati ya fedha na ukimya kuna maisha ya kazi ambayo hayasimuliwi kwenye simu: kuosha vyombo usiku katika chumba cha chini cha hoteli, kusafisha ofisi kabla ya alfajiri, kubeba saruji, kusuka nywele saa kumi na mbili kwa siku, kumwogesha mzee wa watu ambaye watoto wake wako mbali. Anayefanya kazi hizo bila kibali cha kuishi nchini huitwa kwa Kifaransa "sans-papiers".

Makala haya yanachunguza hali ya watu hao katika nchi mbili ambazo Wakongomani wengi wamehamia, yaani Ufaransa na Ubelgiji. Hoja yake ni moja. Tangu miaka ya 1990, sheria za nchi hizo zimekubali, kwa masharti, kumtambua mtu asiye na cheti pale anapougua. Anapofanya kazi hazimtambui, au humtambua kwa nusu tu. Lakini maradhi yake mengi hutokana na kazi hiyo na namna anavyolazimika kuishi. Kwa sababu hiyo, matibabu humfikia yakiwa yamechelewa, na chanzo cha ugonjwa hubaki pale pale.

2. Juu ya jina lenyewe

Kabla ya kueleza hali ya watu hao, yafaa kwanza kuchagua jina la kuwaita, kwani jina hubeba hukumu ndani yake. Magazeti ya Afrika Mashariki yamezoea kuandika "wahamiaji haramu". Neno haramu, katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, huelekezwa kwenye tendo au kitu: nyama haramu, mali haramu, biashara haramu. Likielekezwa kwa mtu, humfanya mtu mwenyewe awe ndiyo makosa, kama lilivyomfanya mtoto asiye na hatia katika usemi "mtoto wa haramu". Mtu anaweza kuvunja kanuni ya ukaaji. Hilo ni jambo la kisheria. Kuwepo kwake duniani si haramu.

Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake namba 3449, liliviomba vyombo vya Umoja huo vitumie maneno yenye maana ya "wafanyakazi wahamiaji wasio na hati au wasio katika utaratibu". Nchini Ufaransa neno "clandestin", yaani mtu ajifichaye, lilipingwa na wahamiaji wenyewe. Walisema kwamba hawakujificha: walifanya kazi, walilipa kodi ya nyumba, watoto wao walisoma, walichokosa ni karatasi. Neno "sans-papiers" lilikuwa limetumika tangu migomo ya kula ya miaka ya 1972 na 1973, nalo likaenea sana mwaka 1996. Katika makala haya linafasiriwa "wasio na vyeti", kwa kuwa cheti ni karatasi inayothibitisha jambo, na uthibitisho ndio unaokosekana.

Kiswahili kina neno jingine linalofaa kukumbukwa hapa. Kibarua, ambaye leo ni mfanyakazi wa kutwa, alipata jina lake kutokana na barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa ili kazi yake ya siku iandikwe na alipwe atakapokionyesha. Karatasi ile ilikuwa ushahidi wa jasho lake. Asiye na vyeti huko Paris au Brussels ni kibarua aliyenyang'anywa barua yake: kazi ameifanya, ushahidi hana.

3. Jinsi mtu anavyofika kukosa cheti

Wengi hudhani kwamba mtu asiye na vyeti ni yule aliyevuka mpaka kwa siri. Wako wa namna hiyo, lakini wengine wengi waliingia kwa viza halali, ya masomo, ya matembezi au ya matibabu, kisha muda wa viza ukaisha. Wengine waliomba hifadhi ya ukimbizi, ombi ambalo Wakongomani wa Ulaya huliita kwa Lingala "ngunda", wakaishi miaka kadhaa wakingojea jibu, na jibu likawa la kukataa. Mtu huyo amekwisha kujifunza kazi, pengine amezaa watoto. Siku moja barua moja inambadilisha hali yake ingawa yeye mwenyewe hajabadilika.

Hali hiyo ina historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa na Ubelgiji zilitafuta wafanyakazi nje ya mipaka yao kwa ajili ya migodi, viwanda na ujenzi. Mwaka 1974, baada ya bei ya mafuta kupanda na uchumi kudorora, nchi zote mbili zilisimamisha uhamiaji wa wafanyakazi. Mlango wa kazi ulifungwa, lakini haja ya mikono haikuisha. Kazi za ujenzi, usafi, mikahawa na kulea wazee haziwezi kuhamishiwa nchi ambako mishahara ni midogo, kama viwanda vya nguo vilivyohamishwa. Jengo la Paris hujengwa Paris, na mgonjwa wa Brussels huoshwa Brussels. Hivyo palitokea hali ya kukinzana: sheria inasema mtu asije, na soko la kazi linamngojea.

Msomaji wa Kongo ataona hapa jambo asilolisahau. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Mkongomani hakuweza kuhama eneo lake bila hati maalumu, "passeport de mutation". Migodi ya Katanga ilimhitaji mfanyakazi, na serikali ilimdai karatasi ya kutembea katika nchi yake mwenyewe.

4. Kazi chini ya jina la mwingine

Asiye na kibali hupata kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kufanya kazi bila kuandikishwa popote, kwa malipo ya mkononi. Ya pili ni kutumia hati bandia. Ya tatu ni kutumia hati ya kweli ya mtu mwingine: ndugu, rafiki, au mtu ambaye hudai sehemu ya mshahara kila mwezi kwa kukodisha jina lake. Nchini Ufaransa njia hiyo ya tatu huitwa kufanya kazi "sous alias". Ilizidi kutumika baada ya tarehe 1 Julai 2007, wakati waajiri walipolazimishwa kupeleka kibali cha mgeni kwenye ofisi ya serikali ya wilaya kikaguliwe kabla ya kumwajiri. Hati bandia haikupita tena kwa urahisi. Hati ya kweli ya mtu mwingine ilipita.

Matokeo ya njia hiyo yanastahili kufikiriwa kwa makini. Mfanyakazi hupata karatasi ya mshahara kila mwezi, ila jina lililoandikwa si lake. Michango ya bima ya ugonjwa, ya uzee na ya ukosefu wa kazi hukatwa katika ujira wake, na haki zinazotokana na michango hiyo humwangukia mwenye jina. Na hata akiandikwa kwa jina lake mwenyewe kwa kutumia hati bandia, bado hafaidiki: sheria ya mwezi wa Agosti 1993 iliweka kibali halali cha kuishi kuwa sharti la kuingizwa katika bima ya kawaida. Tangu hapo mtu anaweza kuchangia hazina ya wagonjwa kwa miaka kumi bila kuwa mwanachama wake.

Njia hizi zote zinamweka mfanyakazi mkononi mwa wengine. Hawezi kukataa saa za ziada zisizolipwa, wala kudai viatu vya kinga au kinyago cha vumbi, wala kulalamika akitukanwa, kwa kuwa jibu analijua kabla halijatolewa. Katika ujenzi, kampuni kubwa hugawa kazi kwa kampuni ndogo, nayo hugawa kwa nyingine iliyo ndogo zaidi, au huchukua watu kwa siku kupitia mawakala wa kazi za muda. Mwisho wa mnyororo huo, mwenye mradi husema hamjui anayebeba matofali yake.

5. Mwili unavyolipa

Wengi wa wanaohama wako katika umri wa nguvu, na mgonjwa mahututi si rahisi aanze safari ndefu. Ndiyo sababu inafaa kuuliza afya yao huharibikia wapi. Sehemu kubwa ya jibu iko huko waliko. Maumivu ya mgongo, mabega na magoti hutokana na kubeba na kuinama. Dawa kali za usafi huchoma ngozi na mapafu. Katika vyumba vidogo vya kusuka nywele na kupamba kucha, mvuke wa kemikali huvutwa kutwa nzima. Usingizi hukatika kwa sababu usafi wa ofisi hufanywa alfajiri na jioni, na safari ya treni na basi huwa katikati. Kwa wanawake wanaolala nyumbani kwa mwajiri, siku ya kazi haina mwisho unaojulikana. Juu ya yote hayo kuna hofu ya kila siku ya kukaguliwa barabarani, ambayo huleta shinikizo la damu, kukosa usingizi na huzuni.

Uchunguzi uitwao Parcours, uliofanywa katika jimbo la Paris mwaka 2012 na 2013 kati ya watu waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara, umeonyesha jambo hilo kwa hesabu. Nusu ya wanawake walihitaji miaka sita, na nusu ya wanaume miaka saba, kabla ya kupata vitu vitatu kwa pamoja: kibali cha kuishi cha angalau mwaka mmoja, makao yao wenyewe, na kazi. Uchunguzi huo huo ulikadiria kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya Waafrika wenye virusi vya ukimwi waliohojiwa walivipata baada ya kufika Ufaransa. Miaka bila kibali na bila makao ilihusiana na hatari hiyo. Mwanamke asiye na mahali pa kulala hana nguvu ya kuweka masharti kwa mwenye nyumba. Matokeo hayo yanapinga usemi uliozoeleka kwamba mgeni huleta ugonjwa. Mara nyingi ugonjwa humkuta mgeni ugenini.

6. Haki ya kutibiwa

Nchini Ufaransa msaada wa matibabu wa serikali, "Aide médicale d'État" au AME, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, kutokana na sheria ya Julai 1999. Asiye na kibali, akiwa amekaa nchini zaidi ya miezi mitatu na mapato yake yakiwa chini ya kiwango kilichowekwa, hupewa kadi ya mwaka mmoja inayomwezesha kutibiwa bila kulipa. Aidha, sheria ya Julai 1998 dhidi ya ufukara iliweka katika hospitali za umma ofisi za kuwapokea wasio na bima, ziitwazo PASS.

Nchini Ubelgiji utaratibu ni mwingine. Sheria ya tarehe 8 Julai 1976 juu ya ofisi za msaada wa jamii za komini, yaani CPAS, pamoja na amri ya mfalme ya tarehe 12 Desemba 1996, zinampa asiye na kibali haki ya "msaada wa haraka wa matibabu". Neno "haraka" linapotosha wengi. Amri hiyo inasema wazi kwamba msaada huo unaweza kuwa wa kukinga au wa kuponya, ndani ya hospitali au nje yake. Daktari ndiye anayethibitisha haja, si polisi wala karani. Inasema pia kwamba habari zilizomo katika cheti cha daktari ni siri, na hazitumiki isipokuwa kwa ajili ya kurudisha gharama. Lakini mgonjwa hana budi kuiendea CPAS ya komini anamoishi kweli, nayo hufanya uchunguzi juu ya makao na mapato yake. Anayelala leo kwa rafiki na kesho kanisani huulizwa anwani, na anwani hana.

Hivyo haki ipo, lakini kuipata ni jambo jingine. Uchunguzi wa taasisi ya Ufaransa ya uchumi wa afya, Irdes, uliofanywa Paris na Bordeaux na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kati ya waliostahili AME ni 51% tu waliokuwa nayo. Hata kati ya waliokaa miaka mitano au zaidi, 35% hawakuwa na bima yoyote. Sababu ni nyepesi kueleweka: kutojua, hofu ya kujionyesha ofisini, lugha ya fomu, na saa. Anayelipwa kwa kutwa akienda kupanga mstari asubuhi nzima hupoteza ujira wa siku, na pengine nafasi yenyewe.

Haki hiyo pia haina uthabiti. Mwezi wa Novemba 2023 baraza la seneti la Ufaransa lilipiga kura ya kuipunguza AME ibaki matibabu ya dharura tu. Kifungu hicho hakikuwamo katika sheria ya uhamiaji iliyotangazwa tarehe 26 Januari 2024, lakini mjadala umeendelea.

Didier Fassin, ambaye ni daktari na mwanaanthropolojia, ameonyesha kwamba katika miaka ya 1990, wakati hifadhi ya ukimbizi ilipozidi kukataliwa, Ufaransa ilifungua njia ya kibali kwa wagonjwa mahututi wasioweza kutibiwa kwao. Sheria ya Mei 1998 iliithibitisha njia hiyo. Ubelgiji iliweka kifungu kinachofanana nayo, yaani 9ter, kwa sheria ya Septemba 2006. Mwili unaougua ulipata sauti ambayo mwili unaofanya kazi haukuipata. Mtu aliyejenga nyumba za watu kwa miaka kumi hana la kuonyesha ofisini. Akiharibikiwa figo, faili lake hufunguliwa.

7. Ajali ya kazini

Hapa ndipo ugonjwa na kazi hukutana, na hapa ndipo sheria ina mengi kuliko wanavyoamini wafanyakazi. Nchini Ufaransa, mfanyakazi asiye na kibali analindwa kama wengine iwapo ameumia kazini. Anapaswa kumwarifu mwajiri katika muda wa saa 24. Mwajiri akikataa kuiandikisha ajali, mfanyakazi mwenyewe anaweza kuitangaza mbele ya ofisi ya bima ya ugonjwa katika muda wa miaka miwili. Nchini Ubelgiji, sheria ya tarehe 10 Aprili 1971 haimruhusu mtu kutumia ubatili wa mkataba wa kazi kama kisingizio cha kutolipa. Kama mwajiri hakukata bima, shirika la serikali liitwalo Fedris humlipa majeruhi, kisha humdai mwajiri.

Lakini sheria hizi hudai ushahidi, na ushahidi ndio ule uliopotea tangu siku ya kwanza ya kazi. Aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la waashi mara nyingine hupelekwa hospitali na mwenzake badala ya mwajiri, na huambiwa aseme ameteleza nyumbani. Aliyekuwa akitumia jina la ndugu yake hulazimika kuchagua mlangoni mwa hospitali. Akitoa jina la kazini, matibabu yake huandikwa katika faili la mtu mwingine: kundi la damu, dawa zinazomdhuru, picha za mifupa. Siku mwenye jina atakapougua, daktari atasoma mwili usio wake. Akitoa jina lake la kweli, ametibiwa vyema, ila hajulikani kuwa aliumia kazini, kwa kuwa kazini hakuna mtu wa jina hilo.

8. Kutoka kanisani hadi mahali pa kazi

Wasio na vyeti wenyewe wameielewa tofauti hiyo kati ya mgonjwa na mfanyakazi, na historia ya harakati zao inaonyesha hivyo. Tarehe 18 Machi 1996, Waafrika wapatao 300 waliingia katika kanisa la Saint-Ambroise mjini Paris. Baadaye walihamia kanisa la Saint-Bernard, ambako kumi kati yao waligoma kula, mpaka polisi walipovunja mlango kwa mashoka tarehe 23 Agosti. Mwili wenye njaa ndio uliokuwa hoja yao.

Tangu mwaka 2008 njia nyingine ilionekana. Tarehe 15 Aprili ya mwaka huo, wapishi, wasafishaji na waashi wa Paris na vitongoji vyake, wakisaidiwa na sendika ya CGT, waligoma ndani ya mahali pao pa kazi, wakiwa wameshika karatasi zao za mshahara. Hawakusema "sisi ni wagonjwa" bali "sisi ni wafanyakazi wenu". Katika mwaka 2014 na 2015 wasusi wa nywele wa mtaa wa Château d'Eau, wengi wao wanawake, walifuata njia hiyo. Tarehe 17 Oktoba 2023 mamia waligoma na kuingia katika eneo la ujenzi wa ukumbi wa Porte de la Chapelle, uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2024.

Njia hiyo ilizaa matunda kiasi. Waraka wa serikali wa tarehe 28 Novemba 2012 ulikubali karatasi za mshahara kuwa msingi wa kuomba kibali, na katika utaratibu huo waajiri waliweza kuandika barua ya kuthibitisha kwamba fulani ndiye aliyefanya kazi kwa jina la fulani. Kwa lugha yetu, kibarua alirudishiwa barua yake. Sheria ya Januari 2024 imeweka, kwa majaribio hadi mwisho wa 2026, kibali cha mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi zenye upungufu wa watu. Lakini waraka wa 2012 ulifutwa na ule wa tarehe 23 Januari 2025, unaotaka kwa kawaida mtu awe amekaa nchini angalau miaka saba. Ni miaka saba ya kufanya kazi bila kuonekana ili aruhusiwe kuonekana.

Nchini Ubelgiji, mwaka 2021, zaidi ya watu 400 waligoma kula katika kanisa la Béguinage na katika majengo ya vyuo vikuu viwili vya Brussels, kuanzia tarehe 23 Mei hadi 21 Julai. Wengi walikuwa wamekaa nchini miaka mingi. Janga la korona lilipofunga mikahawa na kusimamisha kazi nyingine, walipoteza ujira bila kupata malipo ya wasio na kazi, kwa kuwa kazi zao hazikuwa zimeandikwa popote. Walirudi kwenye hoja ya mwili, kwa kuwa hoja ya kazi haikuwa na mlango.

9. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba afya ya mhamiaji asiye na vyeti haiwezi kutenganishwa na kazi yake. Kadi ya matibabu ni jambo jema, na imeokoa watu. Lakini inampokea mtu mwisho wa njia. Kinga yake ya kwanza ingekuwa kutambuliwa kwa kazi anayoifanya: jina lake juu ya karatasi yake ya mshahara, saa zake zihesabiwe, ajali yake iandikwe.

Kwa wasomaji wa Kongo, hususan wanafunzi ambao baadhi yao watasafiri na wengine watawapokea jamaa waliorudi, yako mambo matatu ya kushika. Haki ya kutibiwa ipo katika nchi zote mbili, na haki ya siri ya daktari inaambatana nayo. Hospitalini, jina la kweli ni sehemu ya matibabu. Na kila ushahidi wa kazi, uwe karatasi ya mshahara, ujumbe wa msimamizi au tiketi ya treni ya alfajiri, unafaa kuhifadhiwa, kwa sababu siku ya ajali ndiyo itakayoulizwa. Kuhusu ndugu walio nyumbani, swali "umetuma nini?" lingefaa kutanguliwa na lingine: "unafanya kazi gani, na mwili wako u hali gani?"